Viza Kwanza, Ukumbi Baadaye

Maswali mengi tuliyopokea kwa toleo hili yanatoka kwa makatibu na waweka hazina wa vyama vinavyoandaa mkutano wa kimataifa, au vinavyotuma wajumbe ng'ambo. Tumechagua sita. Ada na kanuni za viza hubadilika, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote zihakikishe katika tovuti ya serikali au ya ubalozi wenyewe.

*Chama chetu cha wakutubi kina wanachama katika nchi 14. Kamati inachagua mji wa mkutano wa 2027 wenye wajumbe 200. Vienna wametupa ukumbi bure, Toronto kuna chuo kikuu kinachotutaka, na sisi wa Nairobi tunapendekeza nyumbani. Wenzetu wa ng'ambo wanasema mambo ya viza yatajipanga yenyewe. Niwaonyesheje uzito wake?*
Katibu, Ngara

Ndugu Katibu, viza haijipangi yenyewe. Chukua orodha ya waliohudhuria mikutano yenu miwili iliyopita, pamoja na waliojiandikisha wakakosa kufika. Hao waliokosa ndio watakaokufundisha zaidi. Kando ya kila jina andika mambo mawili: pasipoti anayobeba na nchi anayoishi kihalali. Mhadhiri wa Sudan anayefundisha Nairobi atapokewa mpakani kama Msudan, lakini ombi lake la viza atalipeleka katika ubalozi ulioko Nairobi kwa kuwa ana kibali cha kuishi hapa. Balozi nyingi hupokea maombi ya raia na wakazi wa eneo lao tu. Marekani nayo ilitoa agizo la namna hiyo Septemba 2025 kwa viza za matembezi na biashara, kwa hiyo ile njia ya kukimbilia nchi jirani yenye foleni fupi msiitegemee tena.

Kisha kila pasipoti ipe alama kwa kila mji. Anayeingia bila kuomba chochote, 0. Anayejaza fomu mtandaoni akajibiwa hukohuko, 1. Anayelazimika kwenda ubalozini au kwa wakala wake katika nchi anayoishi, 2. Anayelazimika kupanda ndege hadi nchi nyingine ili tu apeleke ombi, 3. Nairobi yenyewe huwapokea watu wa aina hii kila wiki, kwa sababu balozi nyingi za hapa ndizo zinazoshughulikia majirani wasio na ofisi ya viza kwao. Ambaye pasipoti yake haitambuliwi, au uraia wake umezuiwa, mpe 5. Tumeruka 4 kwa makusudi: huyu hakabili usumbufu mkubwa zaidi, amefungiwa mlango.

Tuseme orodha yako ina Wakenya 25, Wajerumani 4 na Wasomali 5. Kwa Vienna, Wakenya ni 25 mara 2, yaani 50. Wajerumani ni 0. Pasipoti ya Somalia haitambuliwi na nchi nyingi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, kwa hiyo wape 5 kila mmoja hadi ubalozi wa Austria ukujibu vingine kwa maandishi: 25. Jumla 75. Kwa Toronto, Wakenya ni 50, Wajerumani hujaza kibali cha mtandaoni, 4, na Kanada pia haiikubali pasipoti ya Somalia, 25. Jumla 79. Kwa Nairobi, Wakenya ni 0, Wajerumani 4, Wasomali 5 kwa kuwa nao huomba kibali cha mtandaoni. Jumla 9. Karatasi hiyo moja ipeleke kwenye kamati kabla mtu hajafungua picha za ukumbi.

Usiishie kwenye jumla, lakini. Tazama ni akina nani waliopewa alama 3 na 5. Ikiwa ni wasemaji wakuu, programu imeanguka. Ikiwa katiba yenu inataka uchaguzi ufanyike mkutanoni, kunyimwa viza kwa wajumbe wa nchi tatu kunaweza kuvunja akidi au kugeuza kura, na hapo chama kinapata mgogoro wa uhalali ambao hakuna ukumbi wa bure utakaoulipia. Ukumbi wenyewe wa bure una gharama: Wakenya 25 kwa ada ya Schengen ya euro 90 ni euro 2,250, kabla ya malipo ya wakala, bima, na nauli za wanaotoka nje ya Nairobi kuja kutoa alama za vidole. Ada ya viza hairudishwi ombi likikataliwa.

Kuna kundi ambalo kamati nyingi hulisahau: wanaoishi ng'ambo ambao shida yao ni kurudi. Mwanachama wenu anayesoma Marekani anaweza kuwa na haki kamili ya kuendelea kuwa pale huku viza iliyogongwa kwenye pasipoti imeisha muda. Akitoka kuja Nairobi, atalazimika kuomba viza upya ndipo arudi darasani. Wengi hukataa hatari hiyo, na wana haki. Waulize mapema, uwahesabu nao. Waulize pia wanaosafiri kwa hati ya mkimbizi iliyotolewa chini ya Mkataba wa 1951. Misamaha ya viza kwa kawaida huandikwa kwa wenye pasipoti za taifa, na mwenye hati hiyo hawezi kudhani kwamba inamhusu.

Wenzako wakisema unakuza mambo, wakumbushe kwamba Mkutano wa Kimataifa wa UKIMWI wa 1992 ulihamishwa kutoka Boston hadi Amsterdam kwa sababu Marekani iliwawekea vizuizi wasafiri wenye virusi vya HIV. Haukurudi Marekani hadi 2012, baada ya marufuku kuondolewa mwaka 2010. Ule wa 2022 ulifanyika Montréal, na wajumbe wengi wa Afrika walinyimwa viza au hawakujibiwa kabisa, wakiwemo waliopangiwa kuzungumza. Watafiti wa akili unde nao, baada ya wenzao Waafrika kunyimwa viza za Kanada 2018, walipanga mkutano wao wa ICLR wa 2020 ufanyike Addis Ababa. Korona ikauhamishia mtandaoni, na mwaka 2023 ukafanyika Kigali.

Kigali iwekeni kwenye orodha, maana Rwanda imefungua mlango kwa Waafrika wote. Afrika Kusini huwapokea Wakenya bila viza hadi siku 90 kwa mwaka tangu Januari 2023, lakini Mnigeria bado anahitaji viza huko, kwa hiyo pigeni hesabu ileile.

Mwisho, kila mji unaowania uandike kwa barua: je, wizara ya mambo ya nje itapokea orodha ya wajumbe mapema na kuituma kwa balozi zake? Nani hasa, kwa cheo na simu, atafuatilia ombi lililokwama? Maneno kama "tutasaidia kadiri ya uwezo" yahesabu kuwa hapana. Na katika mkataba wa ukumbi wekeni kipengele cha kurudishiwa amana endapo nchi mwenyeji itafungia uraia wa wajumbe wenu. Juni 2025 Marekani ilitangaza vizuizi kwa raia wa nchi 19, na vikaanza kutumika siku tano baadaye, tarehe 9. Mkataba usio na kipengele hicho ungewaacha waandaaji na ukumbi uliolipiwa na viti vitupu.

*Mkutano wetu uko Barcelona, unaanza Septemba 14. Wajumbe wanane wanatoka Kenya. Tuanze lini shughuli za viza?*
Mratibu, Kilimani

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kupanda ndege. Tuseme mnaondoka Septemba 12. Kanuni ya Schengen inaruhusu kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, yaani Machi 12, na si chini ya siku 15 kabla, yaani Agosti 28. Wengi husoma hiyo tarehe ya pili wakapumua. Wasipumue. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini ubalozi una ruhusa ya kuchukua hadi siku 45 ukitaka kuchunguza zaidi. Siku 45 kabla ya Septemba 12 ni Julai 29, na hiyo ndiyo tarehe yenu ya mwisho ya kweli. Tena siku hizo huanza kuhesabiwa ombi likishapokelewa. Muda wa kusubiri miadi haumo.

Miadi ndiyo inayowaangusha watu. Juni hadi Agosti ni msimu wa wanafunzi na watalii, nafasi hujaa. Miadi ya mapema Juni itafuteni tangu Aprili. Ili mtu aende kwenye miadi akiwa na barua ya mwaliko na ya ufadhili, barua hizo zitoke kabla ya Mei kuisha, na ili zitoke, mada ziwe zimekubaliwa ifikapo katikati ya Aprili. Kwa hiyo mwisho wa kupokea mihtasari ni Februari. Kamati za programu hupenda kusogeza tarehe hiyo "kwa ombi la wengi", na kila wiki wanayoisogeza huikata kwa mtu mwenye pasipoti ya Kenya, kamwe si kwa mwenye pasipoti ya Ufaransa. Walioomba ufadhili wajibiwe kwanza, hata kabla ya mada za wengine kusomwa.

Aliyetoa alama za vidole kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita aseme hivyo na abebe pasipoti ya zamani. Kwa kawaida alama hizo hutumika tena.

Uingereza ina saa tofauti: ombi halipelekwi zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na majibu huchukua takriban wiki tatu. Marekani huenda kwa mahojiano, na muda wa kusubiri hubadilika kwa kila ubalozi; utazame katika tovuti ya Wizara yao ya Mambo ya Nje kabla ya kumwalika mtu yeyote.

*Tumetoa barua za mwaliko kwa wajumbe, lakini wawili wameambiwa hazitoshi. Barua ikae vipi?*
Msimamizi wa ofisi, Upper Hill

Mara nyingi barua ya namna hiyo imeandikwa kama kadi ya harusi: "tunayo furaha kukualika". Ofisa wa viza anatafuta majibu ya maswali matano, naye ana dakika chache tu. Huyu ni nani, anakuja kufanya nini, kwa siku zipi, nani analipa nini, na nani amlaumu akikosa kurudi.

Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule. Mjumbe anayejulikana kazini kwa majina mawili lakini pasipoti ina matatu hupata barua ya mtu mwingine. Weka nambari ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa. Taja kazi yake mkutanoni: anawasilisha mada, jina la mada, siku na kipindi. "Mshiriki" pekee ni neno dhaifu, ila kama ni kweli, liandike hivyo. Taja tarehe za mkutano, kisha tarehe mnazomtarajia kuingia na kutoka.

Kuhusu fedha, msiandike "gharama zitalipiwa". Andika: chama kinalipa nauli ya ndege ya kwenda na kurudi na malazi ya usiku tano katika hoteli fulani, chakula cha jioni na usafiri wa mjini ni juu yake. Kisichotajwa ofisa atataka kukiona kwenye akaunti ya mjumbe. Barua itoke kwa taasisi iliyosajiliwa katika nchi mwenyeji, yenye nambari ya usajili, sahihi ya mtu mwenye cheo, na simu inayopokelewa wakati wa kazi wa Nairobi. Balozi hupiga. Simu isiyopokelewa mara mbili imewahi kuharibu ombi lililokuwa kamili. Mkiwa mnaandaa kutoka Nairobi mkutano wa Barcelona, barua yenu peke yake haitoshi. Mwombeni mwenyeji wa kule aandike yake, ikiwezekana kwa lugha ya nchi hiyo pamoja na Kiingereza.

Tunzeni daftari la barua mlizotoa, na mlitume kwa ubalozi. Barua za mikutano huuzwa. Mkutano wa watu 200 uliotoa barua 900 kwa yeyote aliyejiandikisha mtandaoni huwaponza hata wajumbe halali, kwa hiyo barua itolewe kwa aliyelipa ada au aliyekubaliwa mada, na ada hiyo irudishwe yote akinyimwa viza.

*Nimepata ufadhili wa kuhudhuria kongamano Ujerumani. Akaunti yangu ina pesa kidogo. Jamaa wako tayari kunichangia niweke benki kabla ya miadi. Ni vizuri?*
Mwanafunzi wa uzamili, Kahawa

Hapana, ndugu yetu, usifanye hivyo. Akaunti iliyokaa na shilingi 6,000 kwa miezi mitano kisha ikapokea 300,000 wiki ya miadi humwambia ofisa kwamba pesa ni za kuonyesha tu, na baada ya hapo hataamini hata karatasi zako za kweli. Harambee ya jamaa ni jambo jema, lakini iende kwenye mahitaji halisi.

Hoja yako ni ufadhili. Peleka barua ya mfadhili inayotaja kila kilicholipwa, na taarifa ya akaunti yako ilivyo, ya miezi yote wanayotaka. Kama kipato chako hupitia simu, ongeza taarifa ya M-Pesa. Pesa kidogo zinazoingia na kutoka kila mwezi ni ushahidi mzuri wa maisha halisi. Kisha onyesha unachorudia: barua ya chuo yenye tarehe ya muhula kuanza, barua ya msimamizi wa tasnifu, mkataba wa kazi ya kufundisha kama unao, cheti cha ndoa au vya kuzaliwa vya watoto. Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000, ifae nchi zote za Schengen, na ianze siku unayotua. Kosa la kila mara ni bima inayoanza siku ya mkutano ilhali ndege inafika jana yake. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibakie hai walau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Tiketi usilipie hadi viza itoke; nafasi iliyowekwa ya kwenda na kurudi inatosha kwa ombi.

*Wageni wanaokuja kwenye mkutano wetu hapa Nairobi wanahitaji nini?*
Mwenyeji, Gigiri

Kenya iliondoa viza Januari 2024 ikaweka kibali cha kielektroniki, eTA. Tangu Julai 2025 raia wa nchi za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya, hawahitaji hata hicho. Wengi wa wengine huomba kupitia etakenya.go.ke kwa dola 30. Wape anwani hiyo wazi kwenye kila barua pepe, kwa sababu kuna tovuti za kujifanya rasmi zinazotoza mara mbili au tatu. Waombe angalau wiki mbili mapema, pasipoti iwe na miezi sita mbele. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano abebe cheti cha chanjo. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa baada ya siku 10, na tangu 2016 cheti ni cha maisha, kwa hiyo asikubali kuchanjwa tena kwa sababu cha zamani kimeandikwa miaka 10. Mkalimani au fundi wa mitambo mnayemleta kufanya kazi ya malipo hapa si mjumbe. Mwombeeni kibali maalumu Idara ya Uhamiaji kabla hajapanda ndege.

*Mjumbe wetu Mwethiopia alikuwa na viza halali ya Meksiko lakini alizuiwa kaunta ya ndege Addis Ababa. Mwingine, Mkenya, amenyimwa viza ya Schengen wiki tano kabla ya mkutano. Tungefanyaje?*
Mweka hazina, South B

Huyo wa kwanza alizuiliwa na njia. Kama alikuwa anapitia Frankfurt, Mwethiopia huhitaji viza ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen hata asipotoka nje ya eneo la abiria, isipokuwa ana viza au kibali cha ukaazi kinachomsamehe. Wanigeria, Waghana, Waeritrea, Wasomali na Wakongo wa Kinshasa wamo pia kwenye orodha hiyo. Marekani haina kupita bila viza kwa anayehitaji viza, hata akibadilisha ndege kwa saa moja. Mashirika ya ndege hukagua Timatic, mfumo wenye kanuni za hati za safari za kila nchi, na hutozwa faini yakimbeba asiye na hati, ndiyo maana kaunta haibembelezeki. Mwulize wakala wa tiketi aangalie Timatic kwa pasipoti na njia nzima kabla ya kulipa. Nauli ya bei nafuu yenye vituo viwili mara nyingi ndiyo inayoleta balaa.

Wa pili asome fomu ya kukataliwa. Sababu iliyowekewa alama ndiyo ya kujibiwa. Kama ni kwamba lengo la safari halikueleweka, tatizo ni barua yenu, na linarekebishika kwa siku mbili. Kama ni mashaka kwamba hataondoka muda ukiisha, aongeze ushahidi wa kazi na familia ambao haukuwamo mwanzoni. Rufaa ni haki yake, ila kwa wiki tano ombi jipya lenye karatasi mpya huwa na nafasi zaidi. Kupeleka faili lileile tena ni kulipa euro 90 nyingine bure. Asifiche kwamba aliwahi kukataliwa. Rekodi ipo, na uongo huo huharibu pia maombi yajayo.

Wakati huohuo mpangieni kipindi cha kuzungumza kwa video katika ratiba kuu, saa ambayo Nairobi iko macho, na mjaribu sauti siku mbili kabla. Ada yake ya usajili mrudishieni kwa nakala ya fomu ya kukataliwa, na tarehe ya mwisho ya marejesho isiwe kabla ya siku saba kuelekea mkutano, kwa kuwa majibu mengi hutoka wiki hiyo ya mwisho.